Wazee wa Mwinyi Gebhard

Marhoon bin Bakhit alisomesha tarikhi Unguja miaka mingi, na hata ukimwamsha usingizini angekutajia wazee wa mwinyi mmoja wa Kijerumani wa zama za kale, mwenye ngome mlimani: Gebhard mtoto wa Otto, mtoto wa Konrad, mtoto wa Ludolf, mpaka huko. Alimpenda mwinyi yule, wanafunzi wakimcheka. Wazee wake mwenyewe, jamani, hakuwa na habari nao. Unguja nani alimuuliza?

Maskati walimuuliza. Mwaka 1965 alishuka bandari ya Matrah na mkewe Kheiria, wamekimbia mapinduzi, wakaambiwa mapema: asiyethibitishwa na mzee wa kabila lake hapati ruhusa ya kukaa, anapandishwa meli arudi alikotoka. Na huko askari walikwishamjia nyumbani mara mbili. 

Wakapelekwa kijiji cha Ansab kwa Mzee Majid, mkubwa wa kabila. Ikaletwa halwa, ikaletwa kahawa.  Kheiria alikuwa chumba cha ndani na wanawake, mlango wazi.

"Haya, mwanangu," mzee akasema, "nitajie babu zako."

Alitaka kusema kweli, kwamba hawajui, wallahi alitaka. Lakini wanaume wote barazani walikuwa wakimtazama, na woga ulishamvaa mwili mzima. "Marhoon bin Bakhit bin Ghanim," akasema, akakwama. Ulimi ukakimbilia ulikozoea. "Bin Otto bin Konrad bin Ludolf."

Mzee Majid akaweka kikombe chini. "Otto ni mtu wa kabila gani?"

 Marhoon alijiona yuko gatini tena, anasukumwa kupanda meli, na Kheiria nyuma yake na mizigo yao.

Ndipo sauti ya Kheiria ikatoka ndani. "Mume wangu ana homa, sheikh, tangu melini. Ni Marhoon bin Bakhit bin Ghanim bin Hamed bin Nasor bin Khalfan bin Saleh." Akaenda hivyo hivyo, jina juu ya jina, na mzee akiitikia kwa kichwa kila moja.

"Kweli," mzee akasema. "Huyu wetu. Kesho nakwenda naye mwenyewe kwa liwali, ayataje mbele yake kama yalivyotajwa hapa."

Njiani Marhoon alimshika mkewe mkono mbele ya watu, jambo ambalo hajapata kulifanya. "Nani kakufunza?"

"Mpaka Ghanim nnamjua, mama yako kanambia. Waliobaki nimewatunga."

"Na mzee mbona kasema kweli?"

"Mzee naye hawajui. Kaona haya kuuliza mbele za watu."

Marhoon akakaa juu ya jiwe. Kesho ilikuwa karibu mno. "Nitajie tena," akasema. "Polepole, niwashike."

Kheiria akaanza. Akafika kwa Hamed, akamtazama mumewe kwa macho ya hofu. Hakukumbuka nani alifuata.