Kinundu Nilichokitupa

Mwanangu, kuna siku moja ambayo hata leo nikiikumbuka natahayari, ingawa mwisho wake ulikuwa shangwe. Ilikuwa hapa Bunia, miaka ile bunduki zimenyamaza lakini watu bado wanalala na viatu karibu na mlango. Nilikuwa msichana wa chuo, na mdomo wangu ulitembea mbele ya akili.

Nilikuwa naandika kazi yangu ya mwisho: jinsi seli za ubongo zinavyokua hata zikawa za aina nyingi, hizi za kusukuma mkono, hizi za kukumbuka, hizi za kutuliza nyingine. Nilitumia ubongo wa ndama ambao hawajazaliwa. Ng'ombe hachinjwi akijulikana ana mimba, lakini ilipotokea kwa bahati mbaya, wachinjaji waliniwekea. Kwetu Irumu baba zangu wadogo walishasema wazi: nikianguka mbele ya jury, wale walimu wa kunihoji, nirudi kukamua ng'ombe na kungoja mchumba. Basi nilikata vipande vyangu kwa wembe, vyembamba, safi. Ila chini ya kila kipande palikuwa na kinundu kilichoniudhi. Nilikikata, nikakitupa. Nilitaka gome la juu la ubongo tu, maana niliamini kila seli ya gome imezaliwa papo hapo ilipokaa. Wakati ule Bunia nzima iliamini hivyo hata juu ya watu: wa hapa ni aliyezaliwa hapa.

Papa Kasereka ndiye aliyeosha vyombo vya maabara. Alikuja na familia yake kutoka upande wa Beni, na mtaani walimwita mgeni ingawa watoto wake walizaliwa hapa. Siku hiyo alisimama nyuma yangu akatazama.

"Mama, mbona unatupa ile?"

"Haiko gome, Papa. Ni takataka."

"Haiko takataka. Mule njo munatokaka seli zenye zinatuliza zingine. Zinazaliwa kule chini, zinatembea mbali, zinaingia katikati ya wenzake. Zikikosa, ubongo inashikwa na kifafa."

"Papa, kazi yako ni kuosha. Siye njo tunasoma."

"Kuosha ninaosha," akasema. "Lakini masikio yangu haikujaa sabuni. Profesa anafundishaka hapa kila mwaka."

Akarudi kwenye beseni lake. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma baadaye.

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kesho yake profesa alishika vipande vyangu, akavigeuza, akauliza kinundu kiko wapi. Akafungua kitabu: seli za kutuliza huzaliwa palepale, kama alivyosema Papa Kasereka. Zilibaki wiki tatu kabla ya jury, na sikuwa na kipande hata kimoja kizima. Nililia, mwanangu, sitakuficha. Kisha nikaenda kwenye beseni nikapiga magoti.

"Simama," akasema Papa Kasereka. "Machozi haikataki ubongo. Kesho asubuhi tuende machinjioni."

Tulikwenda asubuhi tano bure. Ya sita tukapata. Yeye alinishikia taa, mimi nikakata, na safari hii sikutupa kitu.

Siku ya kutetea kazi yangu, mwenyekiti wa jury aliuliza lile lile alilonieleza Papa Kasereka: seli za kutuliza zilizaliwa wapi? Nikaweka kipande mbele yake. Nikaeleza kwamba nyingi za gome hutoka utando mmoja wa ndani. Za kwanza husimama karibu, zinazozaliwa baadaye hupita katikati yao zikakae juu zaidi. Kila moja inakuwa ilivyo kwa saa yake ya kuzaliwa, mahali pake, na yale inayoambiwa na majirani. Lakini hizi za kutuliza, nikasema, zilikuja kutoka mbali, na bila hizo nyumba nzima ingetetemeka. Nikamnyooshea mkono Papa Kasereka aliyesimama mlangoni: huyu ndiye aliyenifundisha.

Nilipata alama ya juu kuliko wenzangu wote. Shangazi walipiga vigelegele hadi barabarani, na baba mdogo aliyeningoja nikakamue ng'ombe ndiye aliyenibeba mabegani. Nilifurahi kama kichaa. Papa Kasereka alicheza na kitambaa chake cha kuoshea, na mtaani kwetu siku hiyo hakuna aliyemwita mgeni.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi niliusema msemo huo tangu utotoni bila kuuelewa. Basi nisikie: usikate kitu kwa sababu tu hujui kazi yake, na mtu ndiyo zaidi. Aliyetoka mbali akakaa kati yenu, usimpime kwa alikozaliwa. Huenda ndiye anayeshika nyumba isianguke. Na ukikosea, piga magoti mapema, kabla wiki tatu hazijawa siku moja.

Mungu akupe masikio mapana kuliko mdomo. Akuzungushie watu wa kukutuliza, na popote utakapofika mgeni, wenyeji wapone kwa ajili yako.