Kidole Gumba cha Baba Tuntufye

Mwanangu, katika siku zote nilizoshika gitaa, ninayoikumbuka kama ya jana ni Jumapili moja ya Ubaruku, mpunga umeshavunwa na watu wako kwenye raha zao. Ilikuwa miaka ya sabini. Mimi nilikuwa mpiga solo wa bendi yetu ya Mbeya, na nisikufiche, nilikuwa hatari. Uliza Iringa nilikozaliwa, uliza Chunya kwa wachimba dhahabu. Nikiingia na solo langu, watu wanaacha kucheza wanakuja kutazama vidole. Leo vidole vyenyewe ndivyo hivi, hata kifungo cha shati nafungiwa na mke wangu.

Kiongozi wetu alikuwa mtu wa Tukuyu, tukimwita Baba Tuntufye kwa jina la binti yake wa kwanza. Nyimbo zote zilitoka kichwani mwake. Kwa utunzi hakuwa na mpinzani, hilo halina ubishi. Lakini gitaa? Alipiga rithimu, na kidole gumba chake kilikuwa kinachelewa. Vidole vingine vinaingia sawasawa na ngoma, gumba linakuja nyuma kidogo, kama mtu aliyebaki kufunga mlango ndipo awafuate wenzake. Kila mpiga ngoma mpya alilalamika. Mimi nilimtania waziwazi kwamba atunge tu, kupiga atuachie wenye kazi. Alikuwa anacheka. Mara moja tu ndiyo alinijibu, tena taratibu: "Wewe piga vyako, kijana. Hiki changu kina kazi yake." Nikajua ni ubishi wa mtu mzima.

Wimbo wake uliovuma kuliko zote ulikuwa wa kumwita kaka yake, Asajile. Ndugu hao waligombana siku ya kumzika baba yao, mambo ya shamba la migomba, na Asajile akaondoka akisema kuanzia leo hana mdogo. Akahamia Ubaruku kulima mpunga. Mama yao akabaki Tukuyu, macho yameshaingia giza, na kila akisikia hatua uani anauliza, huyo ni Asajile? Baba Tuntufye aliyatia hayo kwenye wimbo bila kuyapamba. Redio ikaupiga, watu wazima wakalia. Hata kina mama wa Ubaruku waliuimba wakipandikiza mpunga, kwa hiyo Asajile aliusikia kila msimu, tena shambani kwake, na alijua fika kwamba anayeitwa ni yeye. Hakwenda.

Mwaka ule mama akaanza kukataa chakula. Tulipoipita Chimala, Baba Tuntufye akatuambia ndani ya gari kwamba yeye hakuja kupiga dansi. Alikuja kumchukua kaka yake, na safari hii akimkosa, mama atakufa huku anauliza. Tulipofika tu akaenda nyumbani kwa Asajile. Alirudi upesi mno. Mlango haukufunguliwa.

Basi mchana tukapiga. Uwanja ulijaa, Wasangu, Wabena, Wanyakyusa, na wafugaji waliohamia kutoka Usukumani na fimbo zao. Ule wimbo wa kumwita Asajile tuliupiga mapema, na mimi nikamwaga solo mpaka nikabebwa juu juu. Mwenyeji wetu akanionyesha kwa kidevu mtu mrefu aliyeegemea ukuta wa mashine ya kukoboa mpunga, mikono kifuani. Ndiye Asajile. Alikuja kutazama, si kupatana. Maneno yale mazito yalimpita, wimbo ukaisha, na mtu yuko pale pale ukutani. Nilimwona Baba Tuntufye akimwangalia, nikamwonea huruma hasa, maana alikuwa hana neno lingine la kusema. Lote alilokuwa nalo alishaliimba.

Kisha jenereta likazimika. Mafuta yameisha, mtu akatumwa Chimala, na magitaa yetu ya umeme yakawa mbao tupu. Baba Tuntufye akalitoa gitaa lake kavu, lile la kutungia, akakaa juu ya kreti la soda. Watu wakadhani ataimba. Hakuimba. Alipiga ule uzi mnene peke yake, kwa gumba, kijiwimbo cha kitoto ambacho sisi wa bendi hatujawahi kukisikia. Na gumba likachelewa vile vile. Sasa hapakuwa na ngoma wala solo langu la kulifunika. Anapiga, anasita, anapiga, anasita. Watu wakasogea karibu, wallahi hata wale waliolewa.

Asajile akaachana na ukuta. Watu wakampisha. Akaja mpaka mbele ya kreti, akachuchumaa, akasema:

"Mpaka leo unaningoja niubane waya?"

Baba Tuntufye akaitikia kwa kichwa tu. Ndipo Asajile akatugeukia, machozi yanamtoka mbele za watu, akaeleza. Walipokuwa watoto wa kuchunga ng'ombe walijitengenezea gitaa la kopo la mafuta, lenye waya mmoja wa breki ya baiskeli. Waya ule ulikuwa mgumu, mkono wa mdogo hauwezi. Kwa hiyo Asajile alikuwa anaubana, na mdogo wake anapiga. Kila sauti, mdogo alikuwa lazima amngoje kaka kwanza.

Akapeleka mkono kwenye shingo ya gitaa, akabana. Mdogo wake akapiga. Na mwanangu, kidole kile hakikuchelewa.

Nilikuwa nimesimama na gitaa langu la solo shingoni, mtu aliyetoka kubebwa juu juu, nikajiona sijawahi kupiga gitaa. Miaka yote ile tulidhani hajui kwenda na ngoma, kumbe kila alipopiga alikuwa anamwachia kaka yake nafasi.

Jioni ile ile walipanda gari kwenda Tukuyu. Mama alisikia hatua uani, akauliza kama kawaida yake. Safari hii akajibiwa.

Baba Tuntufye aliishi miaka mingi baadaye na akatunga nyimbo nyingi. Siku tunamzika, wote waliosimama walisifu utunzi, wala hakuna aliyetaja kupiga kwake. Nami nilikaa kimya, ila nimekuambia wewe.

Ninachokuomba ni hiki. Tunga maneno mazuri, yatafika mbali, hata mahali ambapo mguu wako hautafika. Lakini mkono wako usiufute ili ufanane na wa kila mtu. Siku hizi unajifunza gitaa kwenye simu, na kila ukikosea kidogo unarudia mpaka ufanane na yule wa kwenye kioo. Ngoja. Kabla hujakirekebisha kidole kinachochelewa, jiulize kinamngoja nani.

Haya, nenda kalale. Mungu akupe vidole vyenye kumbukumbu, na yule unayempigia, popote alipo, amjalie sikio la kukutambua.