Kwa Nini Capitoline Aliacha Sura

Swali lilikuwa moja, na kila Jumamosi tulilirudia mpaka likaota sugu: kwa nini Capitoline aliacha kuchora sura za watu?

Tulikuwa tunakutana hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, katika chumba kilichopakana na chigayo, mashine ya kusaga mahindi, kwa hiyo ubishi wetu wote ulifanywa kwa kupayuka na tulitoka humo na nywele nyeupe kwa unga. Tulikuwa wachoraji wa kujifundisha tu. Nizigama ni mtu wa kabaza, anabeba abiria kwa baiskeli. Moustapha, kijana wa Kindu, Kongo, anauza chumvi na sabuni sokoni. Mimi, Mama Cadeau, nina cherehani, na kazi yangu kubwa pale ilikuwa kushona mifuko mitupu ya unga, ipakwe gundi na rangi nyeupe, tupate pa kuchorea. Mwenyewe nachora kuku. Wanangu wanasema ni viatu, na siwalaumu.

Capitoline alikuwa na mkono wa peke yake. Ni Mrundi wa Ngozi, mjane, mpole kiasi cha kukera. Asubuhi anakaanga maandazi, mchana anachora. Alipofika kambini aligundua kwamba watu wengi walikimbia bila hata picha moja ya wazazi wao. Akaanza kuwachorea. Unakaa kwenye kigoda chake, unamweleza marehemu wako, naye anachora polepole mpaka sura inakutazama. Watu walilia, wakamletea kuku, wakamletea unga. Mpaka leo ukiingia nyumba nyingi za hapa, anayekukaribisha kwanza ni mtu wa Capitoline ukutani.

Kisha siku moja akaacha. Akaanza kuchora mistari mipana na mabaka: kahawia hapa, njano pale, na weusi umekaa pembeni kana kwamba umegombana na wenzake. Hakuna jicho, hakuna pua. Ukimuuliza ni nini, anakujibu, "Angalia tu."

Nizigama alisema macho yamemwisha. Mwingine akasema ni uvivu. Mimi sipendi kukisia ninapoweza kupima, kwa hiyo nilimpa sindano nyembamba kuliko zote nilizonazo nikamwomba anitungie uzi. Akautia mara ya kwanza, akanirudishia, akasema, "We Mama Cadeau, macho yangu ni mazima. Uliza unachotaka."

Niliona haya, lakini nikauliza. Akaendelea kuchanganya rangi yake.

Niseme ukweli: picha hizo mpya zilinikera. Nilidhani anatucheza shere. Lakini nilipokuwa nikishona nilijikuta nageuza kichwa kuzitazama, hasa moja yenye mstari mrefu wa kijani, na sikujua natafuta nini humo. Zile za zamani nilikuwa nikizitazama mara moja, nasema "huyu ni fulani," basi.

Mwaka huu tukaalikwa kuonyesha kazi zetu katika ukumbi mmoja Lilongwe. Waalikaji walitaka kila mchoraji alete picha moja ya siku zake za mwanzo na moja ya sasa. Capitoline hakuwa na ya zamani hata moja, maana zote alizigawa. Moustapha akaruka: "Mi niko nayo! Mama yangu!"

Hapo lazima mjue habari za Moustapha. Alitengana na watu wake njiani wakikimbia, akiwa mtoto mdogo sana, akalelewa na majirani. Alipoanza ujana alikaa kwenye kigoda cha Capitoline, na picha aliyoipata ndiyo mama pekee aliyenaye. Kila asubuhi anaisalimia. Akitaka kuswali anaigeuzia ukutani kwa adabu, akimaliza anaigeuza tena. Na sasa dada yake mkubwa, Anifa, aliyedhaniwa amekufa, amepatikana kwa simu za kuulizana mtu kwa mtu, amehamia Area 23 kule Lilongwe na mumewe. Walikuwa hawajaonana bado. Moustapha alipanga wakutane ukumbini, mbele ya mama.

Capitoline aliposikia aliweka brashi chini. "Moustapha, mwanangu, usiilete ile."

"Ju ya nini?"

"Mi nakuomba tu. Iache nyumbani."

Moustapha alicheka, akaifunga kwa kitenge kipya. Nami nilikasirika kwa niaba yake. Nilimwambia Capitoline waziwazi kwamba anaionea haya kazi yake nzuri kuliko zote. Akaokota brashi yake.

Siku yenyewe tulipanda gari la kukodi. Tulipopita Kanengo, penye viwanda vya tumbaku, harufu yake ikatuingia puani, na Moustapha alikuwa ameikumbatia picha yake muda wote. Ukumbini wakaitundika kando ya ile ya mstari wa kijani. Ya zamani: mwanamke wa uso mwembamba, macho makubwa, kilemba. Ya sasa: kijani, njano ya kung'aa, na kahawia tele chini.

Anifa akaja. Sitaeleza jinsi walivyokumbatiana, kwani hata Nizigama, ambaye hulia kwa nadra, alitoka nje kukagua hali ya hewa. Baadaye Moustapha akamshika dada yake mkono, akamsimamisha mbele ya picha.

"Huyu njo mama yetu, Anifa. Unamuona?"

Anifa alitazama. Akatazama tena.

"Mama gani?"

"Mama! Mama yetu!"

"Huyu haiko mama, Moustapha." Sauti yake ilikuwa ya kubembeleza, na hiyo ilizidisha ubaya. "Huyu mi simujue."

Moustapha aliangalia picha, akamwangalia dada, akaangalia picha. "Mi siko na ingine," alisema. Nilitaka ardhi inimeze, maana ni mimi niliyemtetea ailete.

Capitoline akasogea. Aliongea taratibu, kama anavyogeuza maandazi. "Ulimuacha mama ukiwa mutoto, Moustapha. Nilikuuliza sura, ukaniambia mulango wa kijani. Nilikuuliza pua, ukaniambia mama ananuka mawese, na mbele ya nyumba kuna mto mukubwa. Sura hukuwa nayo. Mi nikaona huruma, nikakupa ya mwanamuke aliyekuwa akiuza ndizi kwetu Ngozi. Wengi nimewafanyia hivyo. Halafu mumoja wa niliowachorea, Thacienne, alirudi kwangu. Akasema, tangu nimuchoree mutoto wake, akifumba macho anaona picha yangu. Mutoto mwenyewe haji tena." Akafuta mikono yake mikavu kwenye nguo. "Toka siku hiyo sikuchora sura."

"Na hii?" nikauliza, nikionyesha ile nyingine, ingawa nilikwisha kuanza kuona mwenyewe.

"Hii njo ile aliyoniambia. Nilichelewa kumusikiliza."

Moustapha akaigeukia. Kijani. Njano ya mawese. Kahawia ya mto. Wa kwanza kusema alikuwa Anifa, kwa kukunja uso:

"Lakini mulango ilikuwa bleu, kama mbingu."

"Vert! Kijani!" Moustapha akajibu papo hapo.

"Bleu! Papa njo aliipaka vert, we ukiwa mudogo. Mama alikasirika, alikataa kupika siku mbili!"

"Mama alikuwa na hasira?"

"Hasira? We!"

Wakaanza. Anifa akasema mto haukuwa mbele, ulikuwa nyuma, na Moustapha akabisha, na wakacheka, na wakalia, na wageni wakawapisha. Mbele ya ile sura hawakuwa na la kukumbushana. Nikamtazama Capitoline, nikaona anawasikiliza kwa makini mno, na nikajua ile picha ya kijani haijaisha.

Jioni tulipofungasha, Moustapha alisimama na ile ya zamani mkononi. Nizigama akamshauri aipake nyeupe achoree kitu kingine, maana mfuko bado ni mzima.

"Kila asubui namusalimia," Moustapha alisema. "Myaka yote hii. Sasa mi nimufukuze aende wapi?"

Anifa akamchukua yule mwanamke wa Ngozi, akamfuta vumbi kwa ncha ya kitenge chake. "Basi akae. Hana makosa. Atakuwa mama mudogo."

Jumatatu nilipita nyumbani kwa Moustapha kuchukua sabuni. Kabla sijabisha hodi nikamsikia ndani: "Jambo, mama mudogo." Kisha mlio wa simu inayoita, na sauti yake ikimuuliza Anifa kama mama yao alikuwa mrefu au mfupi.