Duara nililichora mimi, sifa anapewa yeye

Admin, ficha jina langu, lakini mji usiufiche. Ni Kisangani, na mwenye kisa hiki akikisoma atajijua. Mimi ni mama wa miaka arobaini na minane, mjane, nashona nguo Kabondo. Sikio langu la kushoto halisikii. Wenzangu wa kanisani hudhani nilizaliwa hivyo, nami huwaacha wadhani. Leo naeleza, maana Ijumaa ijayo aliyeniharibia sikio hili anafanyiwa sherehe, na mimi nimeombwa nisimame nimsifu.

Wakati wa uasi nilikuwa mwaka wa pili katika chuo kidogo cha ualimu hapa mjini. Tulikuwa wachache, ukikosa darasa siku moja hata mlinzi anajua. Sikuwa na mpango wa uongozi. Niligombana na wakubwa wa chuo kuhusu choo cha wasichana, wenzangu wakaupenda mdomo wangu, wakanichagua rais wa komite ya wanafunzi. Papa yangu, mtu wa mto kutoka Basoko, alicheka mpaka akatoa machozi. "Mutoto yangu prezidante! Sasa nani atapika?" Lakini majirani wote aliwatangazia.

Katibu wa komite alikuwa kijana mwenye mwandiko mzuri kuliko sisi wote. Hapa nitamwita Katibu tu. Kila tangazo kwenye ubao wa chuo aliliandika yeye, na herufi R yake ilikuwa na mkia uliojikunja kama wa kinyonga. Nilimchukua kama kaka, tukila sahani moja.

Basi askari waasi wakahamia katika madarasa yetu mawili, wakaanza kupasua madawati kuwa kuni. Tukamwandikia mkubwa wao barua ya adabu, kuomba madarasa yetu. Ikaja shida ya sahihi: kila mmoja alikataa kuwa wa kwanza. Nikachukua sahani ya bati, nikaifunika juu ya karatasi, nikachora duara. Nikawaambia tutie sahihi kwa kuzunguka, asijulikane aliyeanza. Tulitia watu thelathini na mmoja. Katibu alitia kando yangu.

Mkubwa wa askari alikuja na barua mkononi. "Nani iko kichwa ya hii maneno?" Hata waoga wetu hawakufungua mdomo. Akaondoka amekasirika, na mimi nikajiona nina akili kuliko jeshi lake lote.

Baada ya siku mbili alirudi na karatasi nyingine. Safari hii majina yalikuwa yamepangwa kutoka juu kwenda chini, safi, yana namba. Namba moja mimi, na pembeni imeandikwa: rais, ndiye mtungaji. Nilihesabu majina, yalikuwa thelathini. La Katibu halikuwemo. Na kila R ilikuwa na mkia.

Walimtaka namba moja tu. Nilikaa kambini kwao wiki tatu. Kofi moja ndilo lililoua sikio, mengine sitayaandika hapa. Papa alikuja kila asubuhi na baiskeli, chakula amekifunga kwenye majani, wakakipokea getini, wakakila wao. Siku ya kuniachia, mkubwa wao alinitupia ile karatasi. "Kamata barua yako. Rafiki yako anaandikaka muzuri."

Chuoni nikamkuta Katibu ndiye rais. Mimi nilikuwa nimefutwa, diploma sikuipata. Papa alikufa kabla uasi haujaisha, akiniita prezidante mpaka siku ya mwisho. Karatasi niliikunja ndani ya kitenge chake, na nimeitunza miaka yote hii kuliko nilivyotunza dhahabu ya harusi yangu.

Mwezi uliopita msichana mmoja aliingia kwangu nikiwa kwenye cherehani. Alikaa upande wa kushoto, nikamwambia ahamie kulia.

"Bonjour mama. Njo wewe ulikuwaka prezidante ya chuo wakati ya vita?"

Nikamwambia ndiyo. Akaruka kwa furaha. Yeye ndiye rais wa komite sasa, msichana wa kwanza tangu mimi. Baba yake anafundisha palepale chuoni, na anatimiza miaka ishirini ya kazi. Alipotaja jina la baba yake, mguu wangu ulisimama kwenye cherehani.

"Tunamufanyia papa fête. Useme tu maneno kidogo. Papa alituelezaka vile alitunga ile duara, na sahani, juu basoda ya uasi wasijue mutu ya kuanza."

Hata sahani! Admin, lile kofi halikuniuma hivyo. Nikamwuliza kama papa yake anajua amekuja kwangu.

"Hapana mama, iko surprise."

Hapo nikacheka. Nikakubali palepale. Nguo yangu ya siku hiyo nimeshaishona, na imenikaa vizuri sana. Siendi kutoa hotuba. Nitampa ile karatasi mbele ya watu wote, aisome mwenyewe kwa sauti, kuanzia namba moja. Wanafunzi wake wanazijua hizo R, kila siku wanaziona ubaoni. Nataka nimwone akitafuta jina lake mbele yao.

Tatizo ni huyu binti. Anapita kila jioni akitoka chuoni. Ananiuliza jinsi ya kusema mbele ya wanaume bila sauti kutetemeka. Sasa hukaa kulia bila kuambiwa. Juzi akaniaga, "À demain, prezidante," yaani tutaonana kesho, na tangu papa afe hakuna aliyeniita hivyo.

Msiniandikie habari za kusamehe, mchungaji ameshanisemesha, na sikio limebaki moja. Karatasi itasomwa. Lakini nikimwambia binti mapema, atamwonya baba yake, nami nitasimama mbele ya kiti kitupu. Nisipomwambia, ataniletea maua mwenyewe, kisha akae kiti cha mbele asikie. Mimi najua mtu anavyojisikia anapoziona zile R kwa mara ya kwanza. Nimwambie, au ninyamaze? Nijibuni kabla ya Ijumaa.