Bi Sagrario na mizabibu iliyovuliwa matambara

Saa tatu asubuhi, jua la Januari ndiyo kwanza linachungulia juu ya mto Duero, Uhispania. Sagrario Arranz ameinama kwenye mzabibu ulioshika barafu, mkasi mkononi. Anakata tawi, anahamia mzabibu wa pili, anainama tena. Mizabibu hii ya zamani inaishia magotini, kwa hiyo mgongo wake haunyooki mpaka mchana.

Mwezi Machi katapila litaing'oa yote. Anajua, na anaipogoa hata hivyo.

"Jirani yangu Toribio ananicheka," anasema bila kuinua kichwa. "Jana kasimama pale barabarani, ananiuliza, 'Wewe mama, hata maiti unamnyoa?' Nikamwambia ndiyo, na zamu yako ikifika nitakuchana hizo nywele mbili ulizobakiwa nazo."

Sagrario ana miaka sitini na mbili, ni mjane, na tangu usichana wake amekuwa kibarua wa mizabibu. Amevuna verdejo, zabibu nyeupe za Rueda, na zile nyeusi za Toro zinazoacha rangi kwenye vidole wiki nzima. Hapa kwao Ribera kila mtu anapanda tempranillo, nyeusi nayo, na kiwanda cha mvinyo hakitaki kusikia nyingine.

Lakini shamba hili alilipanda babu yake kwa mtindo wa zamani: mizabibu myeusi mingi, na katikati yake, mmoja hapa mmoja pale, albillo nyeupe. Zabibu zote zilikamuliwa pamoja, ili mvinyo ulainike. Siku hizi mashine ya kuvuna inataka mistari iliyonyooka na aina moja tu.

Nusu ya shamba ni ya mdogo wake, Heliodoro, anayeishi mjini Burgos tangu utotoni. Alitaka liuzwe, na Sagrario hakuwa na uwezo wa kuinunua nusu ile. Aliomba jambo moja tu: achukue vipandikizi vya albillo kabla ya katapila la mnunuzi kuingia, avipande nyuma ya nyumba yake. Ndiyo albillo pekee iliyobaki kijijini.

Vipandikizi hukatwa wakati wa baridi, mzabibu ukiwa umelala. Ila bila majani wala matunda, mweupe na mweusi hufanana. Ndiyo maana watu wa hapa hufunga tambara kwenye kila mzabibu mweupe wakati wa mavuno. Sagrario alifunga yake Septemba, akichana sketi nyekundu ya marehemu mama yake.

Novemba Heliodoro alikuja kumwonyesha mnunuzi shamba. Jioni akapitia kwa dada yake.

"Yale matambara nimeyatoa, dada. Shamba lilikuwa kama jalala, na wageni wanakuja."

"Yote?"

"Yote. Nimekupunguzia kazi."

Sagrario anasema alimkaangia mayai, wakala. Mpaka leo Heliodoro hajui alichokifanya. Mimi nisingemkaangia hata kitunguu.

"Baba alikuwa anagusa gome tu, anaujua mweupe," anasema Sagrario. "Mimi sikujifunza. Nilidhani matambara yatakuwepo siku zote."

Kwa hiyo anakata kipandikizi kwenye kila mzabibu, shamba zima, mweupe na mweusi. Anavifunga mafungu na kuvifukia mchangani, ndani ya pango la kuhifadhia mvinyo ambalo babu yake alilichimba kilimani. Huko vitasubiri joto lirudi.

Kinachoumiza ni kwamba ardhi ya nyuma ya nyumba haitoshi hata robo ya vipandikizi hivyo. Atapanda vitakavyoenea, vingine vitakauka. Namuuliza, je, kama albillo zote zimo kwenye vitakavyokauka?

Anaacha kukata. Machozi yanamlengalenga, na si kwa baridi.

"Basi nitakuwa nimeziua mwenyewe kwa mikono yangu," anasema. "Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Katapila haliniogopeshi."

Mzabibu huchukua miaka mitatu kuzaa. Atakuwa na sitini na tano, mgongo ukikubali. Anasema hataki shamba tena, anataka mmoja tu utoke mweupe, kwa sababu kutoka huo mmoja atapata mingine.

Anaingiza mkono kwenye mfuko wa aproni na kutoa kipande cha sketi nyekundu.

"Hiki nimekibakiza. Mmoja ukitoka mweupe, safari hii nitakifunga chini kabisa, karibu na udongo, Heliodoro asione."

Anakirudisha mfukoni, anainama kwenye mzabibu unaofuata.