Yago la Okinyi

Pale Manyatta, ukitaka pikipiki yako itengenezwe ikatengenezeka, utaambiwa umtafute Soja. Jina lake ni Joram, ila alipigana Somalia, na watu hawasahau. Ukimsifia vita, anainamia injini. Wateja husema ni unyenyekevu. Unyenyekevu wapi! Ni aibu tupu.

Huko vitani alikuwa na mwenzake, Okinyi wa Seme. Walilala handaki moja, wakala sufuria moja, wakaapiana kwamba hawataachana, awe mzima awe maiti. Kambi yao ilipovamiwa, Okinyi akapigwa risasi miguuni. Joram akamburuta hatua ishirini hivi, risasi zikazidi, akamwachilia, akatimua mbio. Alisikia akiitwa nyuma. Hakugeuka. Okinyi hakuonekana tena, wala mwili wake.

Mama yake Okinyi, Seline, alipelekewa na Joram habari nyingine kabisa: "Alifia mikononi mwangu, Mama. Nilimfumba macho mwenyewe." Njia ya mwongo ni fupi, wanasema, lakini hii ilikwenda miaka saba. Kila Krismasi Joram alipokelewa Seme kama mtoto wa nyumba, akachinjiwa kuku. Kuku huyo, jamani, alikuwa hamezeki!

Sasa, Wajaluo wakikosa maiti ya mtu wao, huzika tunda la yago badala yake, lile refu na zito. Lakini halizikwi ovyo. Sharti ijulikane kweli amekufa, maana kumzika mtu anayepumua ni kuiletea nyumba mkosi. Agosti hii Seline akasema amechoka kulia bila kaburi. Shimo likachimbwa, yago likavikwa shuka jeupe, na mzee wa ukoo akamsimamisha Joram mbele ya watu.

"Bwana Joram, wewe ndiye macho yetu. Ulimwona amekufa?"

Ndiyo moja tu ingemaliza kazi. Joram akafungua kinywa. Seline alikuwa ameshika udongo tayari, anamtazama kwa imani, na imani ile ikamchoma.

"Mama, nilimwacha hai," akasema. "Aliniita. Niliogopa, nikakimbia."

Watu wakaguna. Mjomba wa Okinyi akamkamata kola.

"Mwache," Seline akasema. Akamsogelea Joram. "Alikuwa anasema nini?"

"'Joram, usiniache.' Mara tatu."

Joram akangoja kofi. Alilitamani, wallahi, lingempunguzia aibu. Halikuja. Seline akafungua kiganja, udongo ukamwagika.

"Fukieni hilo shimo," akamwambia mzee. "Mimi simziki mtoto anayeita."

"Lakini Mama," Joram akasema, "ni miaka saba. Na damu ile yote... hawezi kuwa..."

"Ulimwona?"

Hapo ndipo Joram alipoelewa alichofanya. Alitaka kutua mzigo wake, kumbe ameutua kichwani mwa mama wa watu, na kaburi la mwanawe amemnyang'anya. Aibu ya kukimbia aliizoea. Hii ilikuwa mpya, na ilikuwa kubwa kuliko ile.

Watu wakaondoka mmojammoja, sufuria za matanga zikiwa bado jikoni. Winny, dada yake Okinyi, akaenda kufunga lango la boma.

"Liache wazi," Seline akamwambia. "Na umwekee ndugu yako chakula."