Hapa Anaomba

Mjomba wangu, tuliyemwita Kipaza, kwa miaka thelathini alikaa kando ya televisheni kwenye banda la video, maikrofoni mkononi, akitutafsiria filamu za kigeni. Lugha yenyewe hakuijua vizuri. Alipokwama alitunga, na uongo wake, nasema kweli, ulikuwa mtamu kuliko filamu. Mahali pamoja tu hakuthubutu kutunga. Mtu akipiga magoti kwenye filamu, mjomba alisema, “Hapa anaomba, tunyamaze.” Banda zima, watu wa dini zote na walevi wetu wawili, lilinyamaza.

Mkewe alipofariki, binti yake alimchukua wakaishi huko huko zinakotoka filamu. Binti alishinda kazini, wajukuu hawakujua lugha yetu. Kipaza, yule mwenye domo, alimaliza wiki nzima bila kuongea!

Siku moja aliingia kwenye nyumba ya ibada ya mtaa ule. Alimkuta bibi kizee mmoja tu, amepiga magoti, ananong'ona. Mjomba akageukia viti nyuma yake.

“Nikasema, ‘Hapa anaomba, tunyamaze,’” alinisimulia kwenye simu. “Lakini mpwa wangu, viti vyote vilikuwa vitupu.”